Mihayo na Taa za Mwigembe

Pampu ikikatika Mwigembe, watu hunyamaza kwanza. Winchi husimama, mama lishe huacha mwiko ndani ya sufuria, na nyuso zote hugeuka upande wa mwinuko, kwenye kibanda cha mabati chenye mlango wa bluu, kana kwamba mtu atatoka pale akijifuta mikono kwa kitambaa cha grisi na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, "Ililiaje kabla ya kunyamaza?" Hatoki mtu. Kibanda kile siku hizi ni stoo ya simenti. Ukimya hukaa kidogo, kisha mmoja hukohoa, mwingine hutoa simu kumtafuta fundi wa Runzewe, na kungoja kunaanza. Jina la yule waliyemtazamia halitajwi.

Jina lake ni Mihayo. Alizaliwa Mwadui, kwenye mji wa almasi, ambako baba yake alikuwa mwendesha pampu. Mzee yule alikuwa akilaza sikio kwenye bomba kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto, na aliwafundisha wanawe kwamba mashine haifi ghafla. Husema kwanza, ila watu hawana adabu ya kusikiliza. Mihayo aliyabeba maneno hayo hadi chuo cha ufundi Shinyanga, alikosoma umeme, na baadaye katika miaka mingi ya kusuka upya mota zilizoungua. Aliamini kwamba kila ubovu una mahali pake. Ukitafuta kwa subira utapafikia, utapagusa kwa bisibisi, utasema: ni hapa. Imani hiyo inamtosha fundi. Kwa mtu anayeishi kati ya watu ina upungufu wake, na Mihayo aliugundua akiwa ameshaota mvi.

Mwigembe ni kilima kimoja, kaskazini ya Ushirombo, chenye maduara sita. Duara, kwa watu wa huku, ni shimo la kuchimbia dhahabu, limeshikiliwa kwa magogo yanayoitwa matimba, na kila duara lina mwenyewe. Juu ya ardhi mipaka inajulikana mpaka kwenye kichuguu. Chini, mwamba una nyufa, na maji hupita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kubisha hodi. Duara la chini kuliko yote lilikuwa la Bhoke, mjane aliyetoka Tarime, ambaye wote walimwita Mama Chacha. Maji yote ya Mwigembe, yakiachwa yajichagulie njia, huishia kwake.

Enzi za dizeli kila duara lilikuwa na injini yake mdomoni, na kilima kizima kilinguruma. Watu walizungumza kwa mikono. Lakini mtu aliyezima injini yake alijulikana kabla hajavua glavu.

"Onesmo, injini yako imekwenda msibani?" wangemwita mmoja wa wenye maduara kutoka duara la pili.

"Imekwenda kunywa chai, inarudi," angejibu, na kweli ingerudi, kwa sababu hakuna anayependa kuulizwa hivyo mara mbili.

Kisha nguzo za umeme zikafika, na nyuma yake akafika Mihayo na pampu za kuzamisha, ambazo hukaa chini ndani ya maji na hazisikiki kabisa juu. Kila pampu aliifungia boya, kitu cha plastiki chenye ukubwa wa embe, kinachoning'inia kwenye waya. Maji yakipanda, boya linanyanyuka na pampu inawaka. Maji yakishuka, boya linalala na pampu inazima. Hahitajiki mtu. Wiki ya kwanza watu walitembea kilimani kama wageni. Mama Chacha alisema alikuwa hajui kuku wake wana sauti mbaya kiasi kile. Mzee Mabula, mwenyekiti wa kamati ya maduara, alimshika Mihayo mkono mbele ya watu, akamwambia amewarudishia masikio yao.

Baada ya msimu mmoja Onesmo alimfuata kibandani.

"Fundi, lipandishe boya langu kidogo. Shubiri moja tu."

"Kwa nini? Maji yatachelewa kutoka."

"Yatatoka. Maji yangu yanakwenda kwa Mama Chacha yenyewe. Sasa kwa nini nilipie umeme kumfukuza mgeni anayeondoka kwa miguu yake?"

Mihayo alifikiri, akaona ni kweli. Shubiri moja haiharibu kitu. Akalipandisha, na Onesmo akamwomba asiseme kwa watu, maana watu wana maneno. Baada ya hapo akaja Magesa wa duara la tatu, kwa hoja ileile, na ombi lilelile la kunyamaza. Kisha wa nne, kisha wa tano. Mwisho alikuja Mzee Mabula mwenyewe, akazungumza kwanza habari za ng'ombe na mvua, ndipo akasema, "Na lile boya langu, baba, ulitazame tazame." Kila mmoja aliomba kidogo. Kila mmoja alikuwa na haki, ukimsikiliza peke yake. Mihayo aliwasikiliza mmoja mmoja, kama alivyofundishwa kusikiliza pampu.

Mama Chacha hakuomba. Maji yakifika kwake hayana pa kwenda tena.

Ndipo maji yakaanza kupanda Mwigembe yote. Hayakufurika, yalipanda polepole, kifundoni leo, kesho kwenye ugoko, na wachimbaji walitoka na miguu iliyokunjamana kama mikono ya waosha vyombo. Mihayo alishuka duara moja baada ya jingine. Alipima nyaya, akafungua viunganisho, akanusa mota. Hakuna kilichoungua, hakuna kilicholegea. Kila pampu ilifanya kile hasa ilichoagizwa. Jioni alikaa mlangoni pa kibanda na bisibisi mapajani, asijue aichomeke wapi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na ugonjwa usio na mahali.

Akampigia simu Rhoda, mtoto wa dada yake, aliyekuwa mwaka wa tatu chuo kikuu Dar es Salaam akisomea uhandisi, upande wa kuongoza mitambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mayu," alimjibu kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwita mama. "Nina pampu sita nzima na maji yanapanda. Niambie nisichokiona."

Rhoda aliuliza maswali mengi, na Mihayo, kwa kuwa binti yule alikuwa mbali na hamjui Onesmo, akamwambia habari ya zile shubiri. Mpwa wake akacheka, kicheko cha mtu aliyekutana na rafiki sokoni.

"Mjomba, huo ni mchezo."

"Mchezo? Watu wanachimba wakiwa ndani ya maji, wewe unaniambia mchezo?"

"Ndivyo unavyoitwa huku. Nadharia ya michezo. Unachukua mtambo wenye sehemu nyingi, kila sehemu inajiamulia, na kila moja ina tamaa yake. Hutafuti ubovu. Unauliza: kila mmoja akijua wenzake watafanya nini, yeye atafanya nini? Kuna mahali wote wanatulia, hakuna anayepata faida kwa kubadilika peke yake. Na mahali hapo panaweza kuwa pabaya kwa wote."

"Kwa hiyo nani mbovu?"

"Hakuna."

"Rhoda, maji yapo kwenye ugoko."

"Najua. Lakini hakuna. Mmefika mnapofika watu wote wenye akili wanaojifikiria wenyewe."

Mihayo alikumbuka mashindano ya ngoma za Kisukuma baada ya mavuno, makundi mawili, Bagika na Bagalu, wakicheza uwanja mmoja wakati mmoja, kila upande ukivuta watu kwake. Huyu anaongeza ngoma, yule anaongeza ngoma, mpaka hakuna anayesikia wimbo wa yeyote, na hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kupunguza. Alimweleza Rhoda. Rhoda akasema ndiyo, hivyohivyo, na akaonekana kufurahi kuliko alivyostahili.

"Sasa inatibiwaje?"

"Zamani mlikuwa mnasikiana, mjomba. Injini ilikuwa inamtangaza mtu. Wewe umeondoa kelele, umeondoa na aibu. Rudisha kitu cha kuonekana. Kila mtu ajue nani anapampu na nani hapampu, tamaa zitabadilika zenyewe."

Ndivyo zilivyozaliwa taa. Mihayo alisimamisha mlingoti kwenye mdomo wa kila duara, akafunga balbu ndani ya kikopo cha kioo, na kuiunganisha na waya wa pampu. Pampu ikiwaka, taa inawaka. Pampu ikizima, taa inazima. Aliyashusha maboya yote hadi mahali pa zamani, mchana, watu wakitazama, na kamati ikatunga sheria: ambaye taa yake haiwaki wakati maji yapo, atajibu.

Ilifanya kazi. Kwa miezi michache Mwigembe ilikuwa mahali pazuri pa kutazama hata mchana wa jua, taa zikiwaka na kuzimika kilimani kama watu wanaopokezana mzigo. Maji yalirudi chini. Mihayo alimpigia Rhoda kumwambia kwamba kitabu chake kina ukweli, na Rhoda akasema atamweleza mwalimu wake.

Halafu Mihayo akaona jambo asilolielewa. Taa ziliwaka muda mrefu kuliko zamani, na maji yalianza kupanda tena.

Alihesabu kichwani. Kama pampu zinafanya kazi zaidi, maji yapungue. Alidhani kuna mkondo mpya chini. Alidhani mvua za mapema kule milimani zimeongeza maji. Alikwenda kusimama kwenye kila duara akatazama juu, taa inawaka. Akatazama chini, maji yapo. Aliona hivyo kwa Onesmo, kwa Magesa, kwa Mzee Mabula. Alianza kushuku macho yake. Chakula kilimshinda. Mama lishe alimuuliza kama ana malaria, naye akasema labda.

Taa moja tu ilikuwa imezima: ya Mama Chacha. Na kwenye duara la Mama Chacha, aliyechungulia aliona maji yanameta chini, mengi kuliko kwa yeyote.

Watu hawakuhitaji kitabu kulisoma hilo. Mzee Mabula aliitisha kikao penye karasha, mahali pa kusagia mawe, na kumwita Mama Chacha mbele.

"Mama Chacha, taa yako ina siku nyingi gizani."

"Balbu imeungua. Niliweka nyingine ikaungua. Pampu yangu hailali, na taa nayo hailali, ndiyo maana inaungua. Sasa nipampu maji au nipampu balbu?"

Watu walicheka, lakini si vizuri.

"Na maji yaliyojaa kwako?" aliuliza Onesmo.

"Ni yako hayo, Onesmo. Ninayajua kwa uvivu wake."

"Turuhusu tushuke tukague."

"Hashuki mtu kwangu," alisema Bhoke. "Mlipokuwa mnaniuzia duara hili mlisema mwanamke hataliweza, litamrudisha kwao. Leo linatoa mawe mnataka kulikagua. Mkague kwenu kwanza."

Mzee Mabula akamgeukia Mihayo, aliyekaa juu ya gunia nyuma ya watu. "Fundi. Taa hizi ni zako. Taa yako inaweza kusema uongo?"

Mihayo alisimama. Alikuwa amechoka kwa majuma ya kutoelewa, na hapa palikuwa na swali ambalo angalau jibu lake analijua. "Umeme ukipita, taa inawaka," alisema. "Usipopita, haiwaki. Taa haina jirani, haina shemeji. Haijui uongo."

"Na balbu kuungua?"

"Balbu huungua," alisema Mihayo. "Lakini mara mbili mfululizo…" Akashindwa kumaliza, kwa sababu hakuwa na hakika, na watu wakamalizia.

Kamati ilimtenga Mama Chacha. Sheria hiyo waliirithi kutoka kwa sungusungu wa vijijini, na Mwigembe waliifuata bila kuipunguza: aliyetengwa hasalimiwi, hauziwi chumvi, haombi moto kwa jirani, na hakuna mchimbaji anayeshuka duarani kwake. Atakayemsalimia anaingia naye. Hutoka mtu kwenye kutengwa kwa njia moja tu, kwa kumleta mbuzi. Anayemleta mbuzi ndiye mwenye kosa. Mbuzi akishaliwa kosa limeliwa, na halitajwi tena.

Asubuhi iliyofuata Mama Chacha aliwaona wachimbaji wake wakipita mbali, wakitazama miguu yao. Chacha, mwanawe, alikuwa Mwanza shuleni. Hakuwa na mtu wa kusema naye ila kuku. Alipika uji, akanywa, akaingia kwenye kibanda cha swichi, akazima pampu. Kisha alibeba kigoda akakaa mlangoni, mikono mapajani, akitazama taa tano zilizokuwa zikiwaka.

Kufikia adhuhuri watu walikuwa wakitoka mashimoni wakikimbia. Maji yalikuja kwenye maduara yote kwa pamoja, si polepole, bali kama maziwa yanayoumuka jikoni. Kwa Magesa walitoka wakiwa wamelowa hadi kifuani na waliacha nyundo chini. Manyunyu yalikuwa yameanza. Matimba ya Mzee Mabula, yaliyokuwa makavu tangu kiangazi, yalianza kulia kwa kunyonya maji, na kila mchimbaji aliijua maana ya kilio hicho: magogo yakilainika, mdomo wa duara hujifunga wenyewe.

Na taa tano zikaendelea kuwaka.

Mihayo alisimama katikati ya kilima, mvua ikimwingia shingoni. Alitazama taa, akatazama watu waliolowa, akatazama tena taa. Baadaye alisema kwamba wakati huo hakufikiri chochote. Kichwa chake kilikuwa kama chumba kilichohamwa. Miguu ndiyo iliyompeleka kwa Onesmo. Mkono ndio uliojiweka kwenye bomba la kutolea maji. Bomba lenye maji hutetemeka, hata mtoto wa mwendesha pampu anajua hilo kabla hajajua kusoma. La Onesmo lilikuwa limelala. Juu yake taa inang'aa.

Aliufuata waya wa taa kwa vidole. Haukwenda kwenye pampu. Ulikuwa umekatwa na kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani, ukafungwa vizuri kwa utepe mweusi.

"Onesmo."

"Siku moja tu, kaka. Pampu iliziba, nikasema watu wasije wakanifikiria vibaya nikiwa naisafisha. Nikaunganisha taa iwake. Halafu nikaona maji hayaongezeki. Nikasema basi, kwa kuwa wenzangu wanapampu…"

"Umejuaje kuwa wanapampu?"

Onesmo alimtazama kama anayeulizwa jua linatokea wapi. "Si taa zao zinawaka?"

Kwa Magesa bomba lilikuwa limelala. Kwa wa nne limelala. Kwa wa tano, na kwa Mzee Mabula. Kila mmoja alisema ni yeye peke yake. Kila mmoja alishangaa kwa moyo wote, akawakasirikia wenzake. Tangu maji yaanze kupanda tena, pampu iliyofanya kazi Mwigembe ilikuwa moja, chini kuliko zote, usiku na mchana mpaka taa yake ikafa kwa uchovu.

Mihayo alikwenda kwa Mama Chacha. Alipokaribia alijua watu wanamwona, na kwamba sheria iko nyuma yake. Alisimama mbele ya kigoda.

"Habari ya mchana, Mama Chacha."

Bhoke aliondoa macho kwenye taa. "Umenisalimia," alisema.

"Ndiyo."

"Kikao kile ulikuwa na macho, Mihayo, au ulikuwa na taa?"

"Nilikuwa na taa."

"Ungekuja ukashika bomba langu. Jambo dogo kabisa. Ungeweka mkono."

"Uliwakataza watu."

"Niliwakataza wao. Wewe ulikuwa fundi wangu." Alinyoosha khanga magotini. "Sasa wanataka niwashe."

"Wanataka. Wakiwasha za kwao zote hazitoshi tena, maji yamezidi. Bila ya kwako matimba yatalala."

"Na mimi nawasha nikiwa nani? Aliyetengwa hawezi kuwasaidia watu, Mihayo. Hata moto hampi mtu. Waniondolee kwanza."

Alirudi kwa Mzee Mabula, aliyekuwa chini ya turubai na kamati, wote wakisikiliza magogo yakilia. Mihayo aliwaambia kutengwa kuondolewe. Walikubali haraka, kisha wakakwama.

"Mbuzi atoe nani?" aliuliza Mzee Mabula.

"Hakuna haja ya mbuzi. Hana kosa."

"Baba, sikia. Sheria inajua kumrudisha mkosaji. Haijui kumrudisha asiyekosa, kwa sababu haikumtoa. Nikisema tu amerudi, kesho kila aliyetengwa atasema naye arudi hivihivi. Lazima mbuzi aliwe, na mbuzi ana mwenyewe."

"Basi toeni ninyi. Watano."

Walitazamana. Onesmo alisema yuko tayari, wenzake wakianza. Magesa alisema hawezi kubeba mbuzi wa watu watano wakati yeye kaunganisha juzi tu. Wa nne akasema mwenyekiti ndiye mkubwa. Mzee Mabula akasema mwenyekiti akileta mbuzi wa kosa hakuna tena mwenyekiti, na bila mwenyekiti nani atasimamia kuliwa kwake? Hoja zote zilikuwa nzuri. Mihayo alizisikia, moja baada ya nyingine, na akazitambua. Zilikuwa na sauti ya maboya.

Alitoka nje akampigia Rhoda. Mvua ilipiga kelele kwenye turubai na ilibidi arudie maneno. Rhoda alisikiliza hadi mwisho.

"Hakuna atakayeanza, mjomba," alisema. "Kila mmoja anamngoja mwenzake. Ni mchezo uleule."

"Hilo nimeliona. Nataka kujua wa kuubadilisha ni nani."

"Kwenye kitabu ni mtu wa nje. Anayebuni mchezo. Yeye hachezi."

"Mimi ni wa nje?"

Simu ilikwaruza. "Sijui," alisema Rhoda. "Huko sisi hatujafika."

Mihayo alikodi pikipiki hadi kwa mfugaji wa karibu, akarudi na beberu mwekundu mbele ya magoti yake, wote wawili wamelowa. Alimfunga kwenye nguzo ya karasha. Watu walitazama, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja alielewa alichokuwa anakitazama. Mzee Mabula alivua kofia.

"Mbuzi huyu ni wa nani?"

"Wangu."

"Kwa kosa gani?"

Mihayo alifungua mdomo. Alitaka kusema ni la taa, kisha akaona taa zilifanya alichoziagiza. Alitaka kusema ni la maboya, lakini kila boya alilipandisha kwa ombi la mwenye duara. Alitaka kusema ni la neno lake kikaoni, na hilo angeweza, ila halikufika kwenye maji yote yale. "Lote," alisema. "Andikeni lote."

Mbuzi alichinjwa. Mama Chacha alipewa ini la kwanza, kama inavyotakiwa, mbele ya wote, na Onesmo akamsalimia, na Magesa akamsalimia, na Mzee Mabula akamwita kwa jina la mwanawe. Alilitafuna ini bila kumtazama mtu, akaenda akawasha pampu. Watu walisubiri. Muda si mrefu bomba lake lilianza kutapika maji mekundu kwenye mtaro, na watu wakapumua, wakakaa kula. Walikula kwa furaha. Walimsukumia Mihayo nyama nzuri, wakamtania kwamba beberu wake ni mgumu kama mkanda wa karasha. Watano wale walicheka kuliko wote. Mihayo aliwatazama akicheka nao, na hakuelewa, kama ambavyo hakuelewa maji, jinsi jambo lililokosa mwenyewe miezi yote lilivyompata mwenyewe kwa saa moja, na jinsi watu walivyopona.

Mama Chacha alimfuata alipokuwa akinawa.

"Kwa nini umefanya vile?"

"Nilijaribu njia nyingine zote kichwani. Zote zinamngoja mtu."

"Hilo si jibu."

"Najua, Mama Chacha."

Mama Chacha alimmwagia maji mikononi kwa kata mpaka grisi ikatoka. Halafu akasema kwamba ukiweka sikio kwenye bomba pampu yake inalia kama inayotafuna mchanga, na kwamba atamtafuta mtu wa kuitazama. Hakusema atamtafuta nani. Mihayo akaelewa hilo, la pekee siku ile.

Hakuna aliyemfukuza. Kosa lilikuwa limeliwa na kwa sheria halitajwi; lakini aliyelibeba naye huanza kutotajwa. Kamati ilikubaliana kutumia pampu moja kubwa, duarani kwa Mama Chacha, kila duara likichangia umeme wake, na yeye ndiye mwenye ufunguo wa kibanda cha swichi. Walimwita fundi wa Runzewe kuifunga. Milingoti ikang'olewa, ikawa matimba. Mihayo alikaa kibandani msimu mzima akisubiri kuulizwa kitu. Watu walimsalimia kwa heshima na kupita. Msimu ulipokwisha alifunga mlango wa bluu, akaondoka.

Sasa yuko Kahama. Anatengeneza mashine za kukoboa mpunga kwenye kinu kimoja karibu na soko, anapanga chumba kwa mwalimu mstaafu, na Rhoda huja kumwona akiwa likizo Shinyanga.